Kiwanda cha sukari katika mchongo wa 1762: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekuwa nikiionyesha picha hii darasani na kwa marafiki kwa miaka kadhaa sasa. Kila nikiitoa, maswali ni yale yale, ila mpangilio ndio hubadilika. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ili nisiwe narudia mdomo mmoja kila wiki.

Hii ni picha gani hasa?

Ni mchongo wa bamba la shaba uliochapwa Paris mwaka 1762, katika juzuu ya kwanza ya mabamba ya Encyclopédie, ile ensaiklopidia kubwa ya Kifaransa iliyosimamiwa na Denis Diderot, ambaye mwanzoni alikuwa akishirikiana na Jean le Rond d'Alembert. Juu yake pameandikwa Œconomie rustique, Sucrerie, yaani shughuli za shamba, upande wa sukari. Kinachoonyeshwa ni shamba la miwa pamoja na mitambo yake katika visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Ufaransa.

Watu husema "ile picha" kana kwamba iko moja. Ni mfululizo. Bamba la kwanza ni mandhari ya shamba zima. Yanayofuata yanaingia ndani: kinu cha kukamulia miwa, nyumba ya kuchemshia, vyombo na zana zake, halafu tunavuka bahari hadi kwenye kiwanda cha kusafishia sukari huko Ufaransa. Ensaiklopidia yenyewe ilikuwa na juzuu 17 za maandishi (1751 hadi 1765) na 11 za mabamba (1762 hadi 1772).

Nani aliichora? Na yale maneno madogo chini ya picha yana maana gani?

Hapa kuna watu wawili tofauti ambao wengi huwachanganya: aliyechora na aliyechonga. Mchoraji mkuu wa mabamba haya alikuwa Louis-Jacques Goussier. Kati ya wachongaji, jina utakalokutana nalo sana ni Robert Bénard.

Yale maneno ni Kilatini kilichokatwa. Ukiona del. baada ya jina, huyo ndiye aliyechora. Ukiona sc. au sculp., huyo ndiye aliyechonga shaba. Fecit maana yake "amefanya", na direx. ni "amesimamia", yaani fundi mkuu aliyekuwa na vijana wake karakanani. Kwa hiyo jina la Bénard likifuatwa na direx. usidhani kila mstari umetoka mkononi mwake. Hata kwenye picha ya sukari, majina ya waliofanya kazi nyingi hayapo.

Ilichongwaje?

Bamba la shaba lilisuguliwa mpaka likawa kama kioo, likapakwa nta au vanishi. Fundi alichora juu ya nta kwa sindano hadi shaba ikaonekana, kisha bamba likamwagiwa asidi. Asidi inakula palipokwanguliwa na kuacha palipofunikwa. Baadaye fundi alirudia mistari kwa patasi ndogo kali ili ikolee. Kila kitu kilichongwa kinyume, maandishi pia, kwa sababu karatasi inachukua picha kama kioo kinavyofanya.

Wino ulipakwa, uso wa bamba ukafutwa, wino ukabaki kwenye mifereji tu. Karatasi iliyoloweshwa kidogo ikalazwa juu, vyote viwili vikapitishwa kati ya magogo mawili ya mviringo yanayobana kwa nguvu, mtu akizungusha gurudumu kwa mikono. Mimi huwa nacheka peke yangu nikifika hapa: picha ya kinu kinachobana miwa kati ya magogo imezaliwa kwa kubanwa kati ya magogo.

Nikiitazama ile ya kwanza, ninaona nini?

Unaona bonde lenye milima nyuma na majengo yaliyotawanyika. Kuna nyumba ya mwenye shamba na vyumba vyake vya nje. Kuna vibanda vya watumwa, vimepangwa mistari. Kuna malisho ya mifugo, vipande vya ardhi vilivyopandwa miwa, kinu kinachoendeshwa na maji, na jengo la kuchemshia lenye matanuri. Kila kitu kina namba, na maelezo ya namba hizo yamechapwa pembeni, katika kurasa zake.

Soma maelezo hayo polepole. Vibanda vya watumwa vimeelezwa kuwa vinafanya mtaa mmoja au zaidi, kutegemea idadi yao. Basi. Kinachofuata ni malisho ya ng'ombe, kwa sauti ile ile, kwa urefu ule ule. Nani analala humo, wangapi kwa kibanda, wanakula nini: hakuna. Na neno la Kifaransa lililotumika, nègre, kinywani mwa mwenye shamba wa wakati ule lilikuwa na maana moja na "mtumwa", kana kwamba rangi na hali ni kitu kimoja.

Kile kinu kilifanyaje kazi?

Kama umewahi kunywa juisi ya miwa Forodhani, Zanzibar, unakijua tayari. Muuzaji anauingiza muwa kati ya roli, unatoka umepondeka, anaukunja, anaurudisha tena na tena, safari ya mwisho pamoja na ndimu na kipande cha tangawizi. Kinu cha kwenye mchongo ni kitu hicho hicho kikiwa kikubwa kama nyumba. Kina magogo matatu yaliyosimama wima, yamevikwa chuma. La katikati ndilo linalosukumwa, kwa maji au kwa wanyama, na meno yake yanayazungusha mawili ya pembeni.

Mtu mmoja anakilisha kinu upande huu: anasukuma miwa kati ya gogo la kwanza na la pili. Mwingine upande wa nyuma anaipokea iliyopondeka na kuirudisha kati ya gogo la pili na la tatu. Juisi inashuka kwenye kihodhi na kutiririka kwa mfereji hadi nyumba ya kuchemshia. Makapi yanaanikwa, yakikauka yanakuwa kuni. Hakuna kinachotupwa. Kama fundi, huwezi kukosa kuupenda mpango huo.

Sasa rudi Forodhani, uangalie vidole vya muuzaji. Anauachia muwa mapema, kabla mkono haujakaribia roli, na anafanya hivyo akiwa macho, taa zinawaka, na anaweza kuzima mashine akitaka. Wakati wa mavuno, kinu cha Karibi kilizunguka usiku na mchana, kwa sababu muwa uliokatwa ukikaa siku mbili tatu juisi yake huanza kuchacha. Waliokilisha mara nyingi walikuwa wanawake, wakiwa zamu ya usiku baada ya kutwa nzima kondeni. Maji hayasimami kwa kuwa mtu amepiga kelele. Padri Jean-Baptiste Labat, aliyesimamia shamba la sukari la shirika lake huko Martinique na kuchapisha habari zake mwaka 1722, anaeleza jinsi magogo yalivyovuta vidole, halafu mkono, halafu mtu. Ushauri wake ni kwamba karibu na kinu liwekwe panga kali, ili mkono ukatwe kabla mwili haujafuata.

Panga hilo halina namba kwenye mchongo.

Na kwenye nyumba ya kuchemshia?

Huko ndiko sukari inakopatikana, na ndiko penye ufundi mkubwa. Masufuria makubwa yamejengewa mstari mmoja juu ya tanuri, kubwa likiwa mwanzo na dogo likiwa mwisho, penye moto mkali zaidi. Wafaransa waliyapa majina, na kila ninapoyasoma naona kama majina ya watoto wa nyumba moja: la grande, kubwa, la propre, safi, le flambeau, mwenge, le sirop, na la mwisho la batterie. Juisi inatiwa chokaa au maji ya majivu ili uchafu upande juu, povu linaenguliwa, kisha inahamishwa kwa upawa mrefu kutoka sufuria moja hadi nyingine ikizidi kuwa nzito.

Kazi yote inategemea mtu mmoja anayejua ni lini sufuria la mwisho limefika. Hana kipimajoto. Anachukua uji kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, anauvuta, anatazama uzi unakatikaje. Akiwahi, sukari haigandi. Akichelewa, imeungua. Mtu huyo mara nyingi alikuwa mtumwa. Anayepika sukari guru vijijini kwetu anaijua hesabu hiyo.

Baada ya hapo uji unamiminwa kwenye vyungu vyenye umbo la pia, vyenye tundu chini, na molasi inachuruzika. Ili iwe nyeupe zaidi, juu yake huwekwa udongo wa mfinyanzi uliolowa. Maji yanashuka taratibu kutoka kwenye udongo na kuisafisha sukari yakipita.

Mbona watu ni wachache hivyo?

Hili ndilo swali ninalolingoja kila mara.

Kwenye mandhari ya shamba lililohitaji watu mia moja, mia mbili au zaidi, utaona vijitu vichache vidogo kama sisimizi. Kuna sababu ya kawaida: mabamba haya yalikusudiwa kueleza mashine. Hata mabamba ya Ufaransa kwenyewe, ya washona viatu au watengeneza sindano, mara nyingi yanaonyesha mkono uliokatika kwenye kifundo, umeshika chombo, hauna mwenyewe. Mchoraji alitaka uone namna ya kushika, hakutaka umwone mshikaji.

Ila mshona viatu wa Paris alirudi kwake jioni. Ukimwondoa kwenye picha, umeondoa sura yake tu. Ukimwondoa mtumwa kwenye picha ya sukari, umeondoa kilichoendesha shamba, maana mtambo wa bei kubwa pale haukuwa kinu. Walikuwa wao, walionunuliwa, wakafa, na nafasi zao zikajazwa na meli iliyofuata. Mimi siamini kwamba mchoraji alikaa akapanga kudanganya. Naona alichora kile ambacho mteja wake alitaka kuelewa, na mteja hakuwa na swali kuhusu watu.

Na haiwezi kusemwa kwamba Paris hawakujua. Mwaka 1759, miaka mitatu kabla ya bamba hili, mwandishi Voltaire alikuwa ameshachapisha hadithi yake Candide, ambamo mtumwa wa kiwanda cha sukari huko Suriname, aliyekatwa mkono na mguu, anamweleza mpita njia kwamba hiyo ndiyo bei ya sukari wanayokula Ulaya.

Kwa hiyo Diderot na wenzake waliunga mkono utumwa?

Jibu linategemea umefungua juzuu gani. Ensaiklopidia iliandikwa na watu wengi, na hapa wamegongana vibaya.

Makala kuhusu sukari na viwanda vyake ziliandikwa na Le Romain, mhandisi wa serikali ya Ufaransa katika kisiwa cha Grenada. Ndiye pia aliyeandika makala kuhusu weusi kama watumwa wa makoloni, ambamo anawapanga watu kwa "mataifa" yao na kazi wanazozifaa, kama mtu anayeeleza aina za farasi. Upande wa pili yuko Louis de Jaucourt. Makala yake kuhusu biashara ya watumwa, katika juzuu ya 16 ya mwaka 1765, inasema biashara hiyo inavunja dini, maadili, sheria za asili na haki zote za binadamu. Anafika mahali anasema ni heri makoloni yaangamie kuliko kuwatia watu wengi hivyo katika dhiki.

Wote wawili wako ndani ya kitabu kimoja, rafu moja. Aliyekinunua alichagua mwenyewe wa kumsoma. (Jambo la kuchekesha kidogo: makala za Le Romain zilipotoka 1765, Grenada haikuwa tena ya Ufaransa. Ilikuwa imekabidhiwa Uingereza kwa mkataba wa Paris wa 1763.)

Sukari ilikuwa na thamani gani hasa kwa Ufaransa?

Mkataba huo huo wa 1763 ni jibu tosha. Ufaransa ilikubali kuiacha Kanada ili irudishiwe Guadeloupe na Martinique. Na koloni tajiri kuliko zote lilikuwa Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti. Kufikia 1789 lilikuwa na takriban watumwa 500,000 na viwanda vya sukari karibu 800.

Sheria iliyowatawala ilikuwa Code Noir ya 1685. Mtumwa aliyetoroka kwa mwezi mmoja alikatwa masikio na kupigwa chapa ya moto begani. Akirudia, alikatwa mshipa wa nyuma ya goti. Mara ya tatu, kifo. Agosti 1791 watumwa wa uwanda wa kaskazini waliinuka, wakachoma mashamba ya miwa na kuvunja vinu na masufuria, yaani vitu vile vile vilivyopewa namba kwenye bamba. Tarehe 1 Januari 1804 Haiti ilitangaza uhuru.

Kuna uhusiano wowote na pwani yetu?

Upo, na una karatasi. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa, Hasan bin Ibrahim, aliwekeana mkataba na Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice. Sultani aliahidi kumpa watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 (sarafu za fedha) kila mmoja, na Morice atoe piasta 2 juu yake kwa kila mtu kama zawadi ya sultani. Muda wa mkataba: miaka 100. Haukudumu hivyo, lakini biashara yenyewe iliendelea.

Waliochukuliwa wengi walitoka bara, pande za ziwa Nyasa na nchi ya Wamakua, wakapelekwa kwanza Île de France na Bourbon, yaani Morisi na Reunion za leo. Wengine walizungushwa Rasi ya Tumaini Jema hadi Saint-Domingue. Huko na huko waliandikwa "Mozambique" hata kama walipakiwa Kilwa, ndiyo maana mtu akitafuta jina la Kilwa kwenye daftari zao halioni.

Kwa hiyo msomaji wa Lindi au Kilwa Masoko akiitazama picha hii, vile vijitu vidogo si "watu wa Afrika Magharibi" tu, kama tulivyozoea kuambiwa. Na neno lenyewe tunalichangia: sukari yetu na sucre ya Kifaransa zote zimepitia Kiarabu sukkar, na nyuma ya hicho Kiajemi na Kisanskriti.

Kwa nini unaita kiwanda? Si shamba tu?

Kwa sababu ya saa na zamu. Watu wamegawiwa kazi moja moja, wanafuata mwendo wa mtambo, wanasimamiwa na nyapara, bidhaa inapita hatua kwa hatua bila kusimama. Hayo yote yalikuwapo Karibi kabla viwanda vya nguo vya Manchester havijaanza kutoa moshi.

Kuna mabamba mengine ya namna hii?

Ndiyo. Juzuu hiyo hiyo ya kwanza ya mabamba ina ya nili (rangi ya buluu) na muhogo, tumbaku, na pamba. La nili lina mahodhi yaliyopangwa ngazi kwa ngazi ili maji yashuke, na watu wanaokoroga. Ukipata muda, lianze hilo. Watu wake wanaonekana vizuri kuliko wa kwenye sukari.

Nimeona ikiuzwa mtandaoni ikiwa na rangi nzuri. Ni ya asili?

Karatasi inaweza kuwa ya asili, rangi karibu kila mara si ya asili. Mabamba yalitoka meusi kwa meupe, wauzaji wa baadaye ndio waliopaka rangi ili yavutie ukutani. Pia ensaiklopidia ilichapwa upya Lucca, Livorno, Geneva na kwingineko, mabamba yakachongwa tena, kwa hiyo "ya karne ya 18" si lazima iwe ya Paris 1762.

Mambo ya kukagua: alama ya bamba, ule ukingo uliobonyea kuzunguka picha, ambao ukipitisha kidole unausikia, na karatasi, ambayo ukiielekeza kwenye mwanga inaonyesha mistari ya ule wavu wa waya uliotumika kuitengeneza. Picha iliyotolewa kompyutani haina hata kimoja. Na kumbuka kwamba kila bamba linalouzwa peke yake limechanwa kutoka kwenye kitabu cha mtu.

Naweza kuiona bure wapi?

Tovuti ya ARTFL ya Chuo Kikuu cha Chicago ina ensaiklopidia nzima, maandishi na mabamba. Gallica, maktaba ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, nayo inayo. Tafsiri za Kiingereza za makala nyingi ziko kwenye mradi wa Chuo Kikuu cha Michigan.

Naruhusiwa kuichapa kwa ajili ya wanafunzi?

Mchongo wenyewe hauna hakimiliki tena, umepita miaka 260. Angalia tu masharti ya tovuti unayopakulia.

Mimi huwapa wanafunzi bamba bila maelezo, nawaambia wahesabu majengo kwanza, kisha watu. Halafu nawapa orodha ya kazi za siku moja ya mavuno, kuanzia kukata miwa hadi kuengua povu, waseme nani anafanya kipi kwenye picha. Ichapeni kwenye karatasi ya A3. Kwenye A4 majengo yanaonekana vizuri tu, ila watu hawaonekani kabisa.